Kodi Moja, Besi Inateremka: shajara ya wimbo wetu, Moshi

Mei 9

Tumekutana Pasua, chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila nikigusa uzi wa E, mabati yaliyoegeshwa ukutani yanaitikia. Leo tulikuwa wanne: mimi besi, mzee wetu wa solo, binti wa kinanda, na dada anayeimba. Mpiga dramu ni mpagazi, kapata safari ya siku saba njia ya Machame, kwa hiyo mdundo ni wa mashine.

Wimbo bado hauna jina. Unamhusu mzee aliyekaa barazani kihambani (shamba la nyumbani la ukoo), anaangalia barabara ya vumbi, anasubiri watoto ambao hupanda nyumbani Desemba tu. Ubeti una baa (vipimo vya mapigo) kumi na sita na kodi moja: A maina, kodi ya huzuni, mwanzo mpaka mwisho. (Kodi ya gitaa, noti kadhaa zinazolia pamoja. Ile ya chumba nayo inasubiriwa, mwenye duka alinikumbusha mlangoni.)

Binti wa kinanda hakuuma maneno. "Kaka, huu wimbo ni daladala imewashwa stendi. Inanguruma, haiondoki."

Basi tukaongeza kodi. D maina, F, E seveni, kurudi A maina. Wimbo ukaondoka, na ukapendeza pia, ila mzee wa kwenye wimbo naye akaondoka. Kila kodi mpya ilikuwa inampeleka mahali. Kwenye D maina nilimwona yuko migombani, kwenye E seveni yuko Himo anasubiri basi. Mtu tuliyetaka kumwimba hajanyanyuka kwenye kiti tangu asubuhi.

Tumeachana hivi: kodi ikae palepale, itembee sauti moja tu. Nimejitolea iwe besi, maana mimi ndiye niliyeleta wimbo na mimi ndiye niliyelaumiwa.

Mei 12

Nyumbani, usiku, bila amplifaya.

Uzi wa E, freti (kijichuma cha kwenye shingo ya besi) ya tano, ni A. Ya nne ni G shapu. Ya tatu G. Ya pili F shapu. Ya kwanza F. Ukiachia kabisa, uzi wenyewe ni E. Noti sita, na kati ya moja na inayofuata ni nusu toni tu, hatua ndogo kuliko zote, hakuna kilichorukwa. Mkono hauhitaji hata kuhama uzi. Nimekuwa nikipiga besi miaka kumi na moja na sikuwahi kushuka ngazi hiyo nzima polepole. Siku zote nilikuwa naikimbia kama njia ya kupita tu.

Nilimrekodi binti kwenye simu akishikilia A, C na E bila kubadilisha chochote, nikapiga juu yake. Nilichosikia nimekiandika jinsi kilivyokuja.

A: hakuna habari, mzee amekaa.

G shapu: hapa ndipo mwili unasisimka. Kodi ni ileile, lakini imekunja uso. Noti hii haimo kwenye A maina ya kawaida, ni seveni kubwa, na ikikaa chini kabisa inaonekana kama mtu aliyekumbuka jambo na hataki kulisema.

G: inalegea. Hii ni A maina seveni, kila mtu anaijua, imo kwenye nusu ya rumba tunazopiga harusini.

F shapu: ya ajabu kuliko zote. Ukihesabu noti, A, C, E na F shapu, ni A maina siksi. Ila kwa kuwa F shapu iko chini, sikio haliko tena nyumbani kwa A, linaona sakafu imehamishwa. Noti zilezile, makao tofauti. Nimeirudia labda mara thelathini.

F: pazia limefunguliwa. F, A, C, E ni F meja seveni, kodi tamu, wakati binti hajasogeza hata kidole.

E: mtu amefika mlangoni na anataka kuingia. Inavuta kurudi A.

Kwa solfa (do, re, mi za kanisani), ambayo ndiyo niliyojifunza kabla ya kujua freti ni nini, ni la, se, so, fe, fa, mi. Nikaiimba jikoni. Mke wangu akauliza nani amekufa.

Mei 17

Mazoezi ya kwanza ya mstari huu, na ilikuwa aibu.

Baa ya A ilienda vizuri. Niliposhuka G shapu, spika ikaanza kutetemeka, wu-wu-wu, mabati yote yakapiga makofi. Mzee akaweka gitaa chini. "Nani anamsukuma mwenzake huko chini?"

Alikuwa mkono wa kushoto wa kinanda. Binti alikuwa anashikilia A ya chini, kwa sababu kodi ni A maina na mkono wa kushoto kazi yake ni kushika mzizi wa kodi. A hiyo ni hezi 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. G shapu yangu ni kama hezi 51.9. Tofauti ni tatu na kitu, kwa hiyo zikilia pamoja sauti inapanda na kushuka mara tatu kila sekunde, na ule mtetemo ndio uliotikisa mabati. Juu kwenye kinanda nusu toni hiyohiyo ina uchungu wa ndimu tu. Kule chini ni matope.

Dawa ni nyepesi kuitamka: mkono wa kushoto ukae pajani. Kuisema mbele ya mwenyewe ni kitu kingine. "Nimesomea mikono miwili," akasema, na sikuwa na jibu la maana, nikamwambia tu aje asimame karibu na spika asikilize mwenyewe. Akasikiliza mara mbili. Sasa anapiga A, C, E kwa mkono wa kulia tu, kuanzia A iliyo chini kidogo ya C ya katikati. G shapu yangu iko okteva (umbali wa noti mpaka nyingine ya jina hilohilo) mbili na zaidi chini yake, na kule kugombana kumegeuka kuwa huzuni, ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Mzee naye alikuwa na lake. A maina anayoipiga ya freti za mwanzoni ina uzi wa tano ukilia wenyewe, na huo ni A nyingine, okteva moja tu juu ya ile ya kinanda. Hakutaka maneno mengi. Alilaza kidole kimoja freti ya tano kwenye nyuzi tatu nyembamba, C, E, A, akapiga chaki-chaki mara mbili, akaniangalia kama kusema umeridhika?

Nimeridhika. Ila nimegundua kwamba kazi ya mstari huu nusu yake si yangu. Ni ya watu wawili kuacha kupiga kitu walichozoea kupiga.

Mei 24

Malalamiko mapya, na safari hii yalinichoma kwa kuwa ni ya kweli. Mzee: "Unashuka vizuri, mwanangu, lakini nani atacheza? Besi ya kuchezesha watu haiburuzi miguu."

Alinipa somo la nusu saa. Amepiga dansi tangu ujana wake, na akianza habari za bendi za huku kaskazini hasimami: jinsi ndugu wa Kinyonga walivyopitia hapa jirani wakiitwa Arusha Jazz, kabla ya kuvuka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwa Simba Wanyika. Hoja yake ilikuwa hii: muziki ule ulikaa kwenye kodi mbili au tatu dakika saba nzima na hakuna aliyechoka, kwa sababu magitaa yalikuwa yanasukana juu, na besi ilikuwa na matundu. "Mtu anacheza kwenye tundu," akasema. "Ukilijaza, atasimama wapi?"

Mimi nilikuwa nimelijaza. Noti moja ndefu baa nzima, kama king'ora.

Tulikaa mpaka saa mbili usiku tukiichonga. Ilipofikia: pigo la kwanza napiga noti ya mstari, fupi, nazima kwa kiganja. Kimya. Kisha kabla tu ya pigo la tatu napiga E ya uzi wa D, freti ya pili, na tena mara moja mwishoni mwa baa kuirukia inayofuata. Kwa nini E? Kwa sababu E imo kwenye kodi ileile muda wote, haigombani na kituo chochote. Nilijaribu C badala yake na kwenye baa za G shapu ikatoka G shapu, C, E, kodi iliyovimba isiyo na mlango, na dada akasema amesahau alikuwa anaimba nini.

Ugawaji wa baa nao umebadilika. Mwanzo nilikuwa na noti moja kila baa na ngazi inaisha kabla mtu hajaiona. Sasa A inakaa baa nne, msikilizaji akubali kwamba hapa hatuondoki. Halafu mbilimbili: G shapu, G, F shapu, F. Halafu E baa nne. Kumi na sita kamili. Ile ya kukaa kwanza ndiyo inayofanya kazi. Bila kutulia juu, kushuka hakusikiki kama kushuka.

Juni 1

Dada ameleta kesi. "Hapo kwenye 'watoto' unanivuta. Kila nikifika naona kama nimekosea, na sijakosea."

Hakukosea. Neno "watoto" linaangukia baa ya tano, na yeye anaimba G. Mimi baa hiyo niko G shapu. So yake juu ya se yangu. Kila mmoja akiwa peke yake ni sahihi, tukikutana ni ajali.

Njia zilikuwa tatu. Mimi nichelewe kushuka, yeye abadilishe noti, au maneno yasogee. Nilitaka ya kwanza, ikashindikana, maana nikichelewa baa mbili ngazi inakosa nafasi mwishoni. Maneno hakuna aliyetaka kuyagusa. Kwa hiyo "watoto" sasa inaimbwa kwenye E, juu, na G yake ameihifadhi mpaka baa ya saba ninapofika G na mimi. Pale tunakutana noti moja, yeye juu mimi chini, kwenye neno "Desemba". Hatukupanga, lakini tukijigamba mbele za watu tutasema tulipanga.

Nimejiandikia kwenye jalada la daftari: kabla ya kuweka mstari wa nusu toni, andika noti za mwimbaji kwanza, kwa penseli, baa kwa baa. E na C ziko salama karibu kila mahali. G na F ziangaliwe. A ndefu juu ya G shapu inauma. Ukitaka iume, sawa, ila ujue umetaka.

Juni 7

Nilimtumia dada yangu aliyeko Dar klipu ya dakika mbili. Akajibu baada ya nusu saa: "Wimbo mzuri, ila mbona mpiga besi hamna?"

Nikasikiliza kwenye simu yangu bila spika za masikioni. Kweli, hamna. Mashine ya dramu ipo, kinanda kipo, mzee anachakata, na mimi nimebaki kama mtu anayegonga meza chumba cha pili. Ngazi yangu inaanzia hezi 55 na kuishia 41 na kitu, na spika ya simu haiwezi kusukuma hewa ya namna hiyo. Kwenye spika kubwa ya Pasua ilikuwa inatikisa mabati. Lakini nani atasikiliza wimbo huu kwenye spika ya Pasua?

Siku mbili nimehangaika na vitufe vya programu ya kurekodia, nikiongeza besi. Haikusaidia. Unaongeza kitu ambacho simu haina mdomo wa kukitamka.

Kilichosaidia ni kuhama uzi. Uzi wa D wa besi, freti ya saba ni A, hezi 110. Sita G shapu, tano G, nne F shapu, tatu F, mbili E. Ngazi ileile okteva moja juu. Beti mbili za mwanzo nabaki chini, ubeti wa mwisho napanda. Na kulikuwa na zawadi ambayo sikuiombea. Leo jioni nilipokuwa nafanya hivyo, mzee alikuwa amekaa mkabala nami anaangalia mkono wangu wa kushoto. Akashusha kidole chake kwenye uzi wa D wa gitaa lake, freti ya saba, bila kuuliza, akanifuata: saba, sita, tano, nne. Gitaa lake na besi langu zina uzi wa D wote wawili, okteva moja kati yao, kwa hiyo freti ni zilezile. Hatukugombana kwa sababu hatukuwa tunashika vitu viwili tofauti. Tulikuwa kitu kimoja kwa urefu mbili.

Nilimtumia dada wa Dar tena. "Sasa yupo. Ila mbona anasikitika hivyo?"

Juni 15

Jumapili. Baada ya ibada nilimfuata mwalimu wa kwaya wa usharika wetu na karatasi yenye la, se, so, fe, fa, mi. Nilitaka kumuomba alto watatu, wale wa sauti ya chini ya wanawake. Aliitazama akacheka. "Hii unadhani umeigundua wewe?"

Akanikalisha. Akaanza na Bach, kwa fahari ya mtu anayemtaja ndugu wa ukoo, maana Bach alikuwa Mlutheri na sisi huku KKKT tunamhesabu wa kwetu. Katika misa yake ya B maina kuna sehemu ya kusulubiwa, na besi yake inateremka nusu toni kwa nusu toni kutoka E mpaka B, baa nne, halafu inarudia. Mara kumi na tatu. Ya kumi na tatu ndiyo inayogeuza njia na kuishia G meja, baada ya sauti zote kufika kaburini. Kabla ya hapo, Uingereza, karibu mwaka 1689, Henry Purcell alimuimbisha malkia Dido anayekufa juu ya besi inayoshuka hivyohivyo kutoka G mpaka D. Watu wa wakati huo wakisikia besi imeanza kushuka namna ile walishajua kinachokuja.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Akaandika ya Bach kwa solfa. Akaandika ya Purcell chini yake. Akaweka karatasi yangu chini kabisa. Kii (noti ya nyumbani ya wimbo) tatu tofauti: E, G, A. Herufi zilezile sita mara tatu. Kwenye nota za mistari mitano ungehitaji kuhesabu shapu na flati ndipo uone. Solfa haijali kii, inakuonyesha ndugu watatu wamevaa sare. Mchungaji John Curwen aliyeieneza Uingereza karne ya 19 alikuwa anatafuta njia rahisi ya kufundisha watu wa kawaida kuimba, na sisi tumeirithi kanisani, tunaidharau kidogo kwa sababu vijana wa studio hawaisomi.

Mazoezi na alto yalikuwa ya kuchekesha na magumu. Kutoka la wanaruka moja kwa moja mpaka so, se hawaioni kabisa, kama jiwe wanalolijua njiani na mguu unalikwepa wenyewe. Mwalimu akawashikisha la-se-la-se-la-se mpaka wakasikika kama mbu. Ndipo akawaachia washuke. Walishuka, wakafika mi, tukaangalia kinanda: wameteleza, mi yao imekaribia kuwa ma. Kila hatua waliifanya kubwa kidogo kuliko nusu, na vidogo vitano vimekuwa kikubwa. Mama mmoja akauliza kwa nini tusishuke hatua nzima kama binadamu.

Mwalimu ametoa dawa ambayo nimeiiba kwa ajili ya besi pia: ukishuka nusu toni, fikiri unapanda. Kwa mwimbaji inafanya kazi kweli. Kwa besi yenye freti haina maana yoyote, ila nimeona naipiga kwa utulivu zaidi.

Juni 21

Kiitikio. Hiki ni C meja, na hapa watu wacheze, watoto wamefika.

Kwa C meja ngazi ni do, ti, ta, la: C, B, B flati, A. Juu ya C, E, G zilizosimama unapata C, C meja seveni, C seveni, na A inakupokea kwenye F. Ile ta ndiyo inayosukuma. Tulijaribu kurudi C baada yake badala ya kwenda F na ikawa kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo gizani.

Safari hii sikutaka mstari uwe kwangu. Ubeti mzima nimeshuka. Nikishuka tena watu wataona mpiga besi hana wimbo mwingine. Kwa hiyo kwenye kiitikio mimi nakaa C na kurukaruka juu yake, na alto ndio wanaotembea, katikati, ambako hakuna mtu anayewaangalia. Inapendeza kuliko nilivyotegemea. Mstari ukiwa chini unabadilisha sakafu. Ukiwa katikati unabadilisha mwanga tu, nyumba inabaki ilipo.

Binti akaja na ya kupanda: so, se, la, ta. G, G shapu, A, B flati. Hiyo nayo inakwenda F na ina furaha, kama mtu anayenyanyuka kwenye kiti. Tukasema tuweke zote mbili, moja ishuke nyingine ipande, zikutane. Kwenye karatasi zilikuwa kama milango miwili inayofunguka. Masikioni, hatua ya pili ni B na G shapu ndani ya C, E, G, na ya tatu ni B flati na A zinasukumana. Pilau na mtori sahani moja. Tumebaki na ya kushuka kiitikio cha kwanza, na ya kupanda kiitikio cha mwisho peke yake.

Julai 5

Baridi. Asubuhi ukungu mpaka saa nne, mlima haupo. Vidole havifungui.

Tulirekodi beti zote tatu na kiitikio, safi, saa mbili na nusu za kazi. Umeme ukakatika. Laptopu ya kurekodia betri yake ilishakufa siku nyingi, na mimi ndiye niliyesema tutahifadhi mwishoni. Hakuna aliyenisema. Ingekuwa afadhali wangenisema. Tulikunywa chai ya tangawizi kwa mama wa jirani na kwenda zetu.

Julai 12

Tumerudia. Ni nzuri kuliko ya wiki iliyopita, ingawa hakuna ushahidi wa kulinganisha. Mpiga dramu amerudi kutoka mlimani, kapiga brashi badala ya fimbo na matundu ya mzee yamebaki wazi. Nahifadhi kila baada ya baa nne, mpaka binti ameficha kipanya.

Jambo dogo la uzi: kwenye beti za chini, F ya freti ya kwanza ilikuwa inalia kwa chuma, krrr, kila mara. Nilidhani ni mkono wangu. Kumbe uzi wa E umechoka hapohapo karibu na nati (kipande cha juu ya shingo kinachopokea nyuzi), kwa sababu miaka yote sikuwahi kuutumia pale na sasa nautumia kila dakika, vumbi na kutu vimepata mgeni. Nimeupangusa kwa spiriti ya kupaka kidonda. Umenyamaza kiasi.

Julai 19

Ubeti wa mwisho umetugawa.

Tulikuwa tunarekodi kwa pamoja, mimi na mzee uzi wa D, freti saba, sita, tano, nne, tatu. Kwenye F mpiga dramu alihesabu vibaya akafunga, dram, na kimya. Mimi niliganda kwenye F. Mzee aliganda kwa sababu anaangalia mkono wangu. Binti alikuwa bado ameshikilia A, C, E kwa mkono ule wa kulia. F meja seveni ikaning'inia chumbani mpaka mabati yakaacha. E haikupigwa. Mlango haukufika.

Dada akasema iachwe hivyohivyo. Mzee wa kwenye wimbo hajasimama, kwa nini besi imfikishe? Binti yuko naye. Mpiga dramu anasema lolote ilimradi asirudie. Mzee wetu wa solo hataki hata kusikia. "Huwezi kumwacha mtu mguu hewani halafu ukazima taa." Anataka E baa nne zote, halafu A, kama ilivyoandikwa, na ana haki, yeye ndiye aliyenifundisha mahali pa kusimama.

Mimi nimeisikiliza F ile njia nzima kutoka Pasua mpaka nyumbani, na nikiwa mkweli kila mara kidole changu cha kwanza kilikuwa kinatafuta freti ya pili kwenye mpini wa baiskeli.

Tumerekodi na ya E pia, kwa heshima. Zote zimehifadhiwa, faili mbili, moja inaitwa EFU na nyingine MZEE. Alto wanakuja Jumapili baada ya ibada ya pili, na mmoja ameshatangaza kwamba saa nane mchana lazima awe ameondoka, ana ndizi za kukata za soko la Jumatatu Mbuyuni. Kwa hiyo kiitikio kwanza, mabishano baadaye. Na uzi mpya wa E.